Mali Bila Daftari
Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Ninalo shairi la malumbano nililolinakili kutoka mtandao wa kijamii ambao sasa umefungwa. Vina vyake havina ila, mizani imetimia; lakini ni jibu, na swali lake limepotea. Simjui anayejibiwa wala kinachokanushwa. Nilichukua beti, nikayaacha maneno ya wajuzi waliokuwa wakizifafanua.

Mwalimu Sikujua hakukosea hivyo. Alipomsaidia W. E. Taylor kukusanya tungo za Muyaka wa Mombasa, alimweleza pia maana za maneno na visa vilivyozizaa. Diwani aliyoihariri William Hichens mwaka 1940 ilitokana na kazi hiyo, nasi hata leo mara nyingi twajua Muyaka alikuwa akimlenga nani.

Mtandao ni baraza ya nyumba ya mtu. Google+ ilifungwa mwaka 2019. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kupoteza nyimbo zilizowekwa humo hadi 2015. Mwenye nyumba akifunga, wageni hawaulizwi. Basi, ndugu mshairi, unakilipo shairi, nakili na jibu lake, majina, tarehe, na ubishi wote uliolizunguka.