Uzito Una Mahali Unapokaa

Mtandao ukikatika, kazi ya fundi inaweza kuwa ngumu lakini iko wazi: anaufuata waya mpaka pale ulipokatika. Mtandao ukiwa mzito, hakuna kilichokatika. Taa za ruta zote ni za kijani, ukurasa wa kuingilia mfumo unafunguka, ila faili la malipo lililoko kwenye seva ya Dar es Salaam linazunguka tu, na mhasibu aliyeko Dodoma amekunja mikono. Fundi anayeweza kukaa na tatizo la namna hiyo bila kubahatisha, akaligawa, akalipima, akalifikia, ninamweka juu kabisa miongoni mwa watu wa TEHAMA.

Dodoma imekuwa shule ya ufundi huu kwa sababu ya historia yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini misafara mikubwa ya ofisi ilianza baada ya 2016, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba. Watu walihama na majalada yao. Si kila seva iliyopanda lori. Bado kuna taasisi na kampuni ambazo watumishi wake wako huku uwanda wa kati na mashine zao ziko pwani. Kinachowaunganisha ni VPN ya ofisi kwa ofisi: fayawoli mbili, moja kila upande, zimekubaliana ufunguo, na kila pakiti inayotoka inafungwa nzima ndani ya pakiti nyingine, kama barua iliyotiwa kwenye bahasha ya pili, kisha inapitishwa kwenye intaneti ya watu wote. Mtumishi haoni lolote kati ya hayo. Kwake yeye, seva iko chumba cha pili.

Kifaa cha kwanza cha fundi ni sikio.

"Kaka, mtandao leo mzito sana."

"Pole, dada. Mzito kwenye nini? Kila kitu, au mfumo mmoja?"

"Mafaili ya Dar tu. Barua pepe iko sawa."

"Kufungua na kutuma, vyote?"

"Kutuma kunaenda. Kufungua ndiyo shida."

Maswali mawili tu, na tayari intaneti ya jengo imerudi nyuma kwenye foleni ya washukiwa, na uelekeo umejulikana: data inakwama ikitoka Dar kuja Dodoma. Wapo wanaoruka hatua hii na kukimbilia kuzima vifaa na kuviwasha. Siipendi desturi hiyo hata kidogo. Huleta nafuu ya muda, na papo hapo hufuta ushahidi: kumbukumbu za makosa, hesabu ya pakiti zilizopotea, dalili za fayawoli iliyokuwa imelemewa. Tatizo linarudi wiki ijayo na hakuna aliyejifunza kitu.

Baada ya sikio ni ping. Programu hii iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtafiti katika maabara ya jeshi la Marekani, naye aliipa jina la mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Thamani yake huonekana pale fundi anapojua mapema ni jibu gani anastahili kulipata. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Dodoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450. Fiba ikifuata njia hiyo, kwenda na kurudi kunadai milisekunde 4.5 hivi; ukijumlisha vifaa vya njiani, 10 au 15 ni jibu la heshima. Akiona 200, ajue pakiti zinazurura. Traceroute, kazi ya Van Jacobson, itamwonyesha zinakopita: ofisi ya Mtumba imenunua intaneti kwa mtoa huduma mmoja, ya Dar kwa mwingine, na hao wawili hawabadilishani trafiki hapa nyumbani. Pakiti inateremka pwani, inapita chini ya bahari hadi Ulaya, inarudi pwani ileile.

Umbali huo unakula kasi kwa namna ambayo bili haiionyeshi. TCP, itifaki inayobeba faili, hutuma kiasi fulani cha data kisha husubiri kuambiwa kimefika. Bila nyongeza iliyochapishwa mwaka 1992, kiasi hicho hakizidi baiti 65,535. Ukikigawa kwa milisekunde 200, unapata kama megabiti 2.6 kwa sekunde kwa kila muunganisho, hata kama ofisi inalipia 50. Mkurugenzi akipandisha kasi anayolipia hadi 100, faili litafunguka kwa mwendo uleule.

Lakini mahali ufundi huu unaponivutia zaidi ni kwenye ukubwa wa pakiti. Mtandao wa kawaida wa ofisi hubeba pakiti ya hadi baiti 1,500. Ikishafungwa ndani ya nyingine, ile ya nje nayo inataka nafasi, kwa hiyo ya ndani lazima ipungue. Seva hailijui hilo. Inatuma pakiti ya 1,500 yenye alama ya kukataza isikatwe vipande. Utaratibu uliochapishwa Novemba 1990 unataka kifaa cha njiani kirudishe ujumbe mfupi wa ICMP, itifaki ileile inayotumiwa na ping, kwamba pakiti ni kubwa mno, na kutaja kiasi kinachopita. Sasa kuna msimamizi wa fayawoli ambaye, kwa nia njema ya usalama, amezuia ICMP yote isipokuwa ping yenyewe. Ujumbe haufiki. Seva inasubiri, inatuma tena, inasubiri. Pakiti ndogo zinapita zote: nywila, orodha fupi, kurasa nyepesi. Kubwa zinapotea bila taarifa.

Tazama fundi anavyolikamata. Anaingia kwenye seva ya Dar na kutoka huko anapiga ping kuja Dodoma, amekataza kukatwa, mzigo baiti 1,472, ambazo pamoja na vichwa vya baiti 28 zinafika 1,500 kamili. Kimya. 1,400: jibu. 1,440: kimya. 1,420: kimya. 1,410: jibu. 1,411: kimya. Jumlisha 28 kwenye 1,410 upate 1,438, na aliyezoea VPN anaitambua namba hiyo mara moja: ndiyo nafasi inayobaki kwenye IPsec yenye usimbaji wa AES-256 na uthibitisho wa SHA-1 juu ya njia ya baiti 1,500. Anaruhusu ule ujumbe wa ICMP upite, anaziamuru fayawoli zipunguze vipande vya TCP hadi baiti 1,360 pande zote mbili, na faili linafunguka.

Upimaji wa namna hii si mpya. Mwaka 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, umbali wa yadi 400 hivi, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Jacobson huyohuyo alishangaa, akaanza kuchunguza pakiti zinavyotoka na kurudi. Majibu yake, yaliyochapishwa 1988, yaliifundisha TCP kupunguza mwendo njia inapofurika, na bado yanafanya kazi kwenye simu unayoitumia.

Dodoma ina visa vyake. Upepo wa kiangazi husogeza dishi la mnarani, vumbi jekundu huziba feni za kabati la vifaa, greda la barabara hukata fiba na trafiki ikahamia njia ndefu. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, ofisi ambazo njia zao zilibaki ndani ya nchi hazikuwa na sababu ya kuwa nzito. Zilizokuwa zikizungukia Ulaya zilijulikana siku hiyo.

Mafundi ninaowaamini hawasubiri siku ya namna hiyo. Huandika siku mtandao ukiwa mzima, na daftari lao ni fupi: tarehe; ping hadi Dar, milisekunde 12; njia inayopita, kituo kwa kituo; pakiti kubwa inayopita, 1,438; vipande vya TCP, 1,360 pande zote mbili; na namba ya simu ya fundi mwenzao wa upande wa pili.