Nduli Amin Si Kinyago cha Kutishia Watu

Baadhi ya ndugu zetu, wakijadili ubabe wa viongozi, humtaja nduli Idi Amin na kufunga mjadala hapo. Mfano usiochambuliwa haufundishi. Mwaka 1972 Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda katika siku 90, na wengi wakashangilia. Lakini maduka na viwanda havikuingia mikononi mwa wafanyakazi na wakulima. Wanajeshi na vipenzi vyake waligawana, bidhaa zikaadimika. Mnyonyaji alibadilika rangi, unyonyaji ukabaki. Basi anayemwita meneja mbabe "Amin" hana budi kueleza: nani ananufaika naye, nani anamlinda, nani amenyamaza? Tukiyakwepa maswali hayo, tunamlaani mtu na kuuacha mfumo ukiwa salama.