Taksimu ya Mawe kwenye Kinywa cha Duara

Habari ya dhahabu ikitoka katika shamba la mkulima mmoja wa Kahama au Nyang'hwale, haupiti muda mrefu kabla ya shamba lile kugeuka mji wa maturubai, wenye mama lishe, vinyozi, mafundi wa pampu, madalali na vijana wa bodaboda. Na walio wengi katika mji huo ni watu wa kambi, waliotoka Mgusu wakaenda Nyarugusu, wakatoka Nyarugusu wakaenda Mwakitolyo, ambao makazi yao ya kudumu, kama wanayo, ni ile safari yenyewe. Mkusanyiko huo huitwa rashi. Nataka kuuchambua kwa jambo moja tu, ambalo kwa rai yangu ndilo linaloushika usivunjike, nalo ni namna mawe yanavyogawanywa.

Maisha ya kambi si mageni katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma ilishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba, na kila msafara ulikuwa na kirangozi wake, yaani kiongozi wa njia, na ada zake. Wasafiri wa leo wamezaliwa na sababu nyingine: Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji waliondolewa Bulyanhulu, mgodi mkubwa ukafunguliwa pale mwaka 2001, na ule wa Geita ulikuwa umekwisha kuanza mwaka 2000, hata mchimbaji mdogo akabaki kufuata mabaki ya ardhi popote yalipo. Huko Marekani nako, watu waliohamia katika magari yenye vitanda na majiko hukusanyika kila Januari jangwani Quartzsite, Arizona, mahali palipopata sifa kwa maonyesho ya mawe na madini tangu miaka ya 1960. Lakini wale hufika na riziki zao garini, ilhali wa kwetu riziki yao i chini ya ardhi, wala hapana ajuaye kadiri yake.

Anayetaka duara, yaani shimo la kuchimbia, huiendea kamati ya rashi, ambayo hufanya kazi chini ya macho ya maofisa wa madini, akapimiwa kipande cha ardhi. Tangu hapo yeye ndiye mwenye duara, na juu yake ni chakula, kamba, tochi, pampu na baruti. Wachimbaji hutoa nguvu zao bila ya mshahara. Mawe yakipanda hutiwa katika viroba vya ukubwa mmoja, vikapangwa safu mbele ya macho ya wote, ndipo likatengwa fungu la mwenye leseni au mwenye shamba, fungu la mwenye duara na fungu la wachimbaji, kwa kiasi kilichokubaliwa kabla ya mtu kushuka. Kiasi hicho hutofautiana mahali na mahali, utaratibu haubadiliki.

Kwa nini wagawane mawe, wasigawane fedha? Kwa sababu dhahabu aghalabu haionekani kwa jicho ndani ya jiwe, na kiroba kimoja chaweza kuwa na utajiri ilhali jirani yake ni kitupu. Lau wangegawana fedha, ingelazimu mmoja achenjue na kuuza kwa niaba ya wote, na watu waliokutana juzi wangelazimika kumwamini kwa kila gramu. Kwa kugawana mawe, kila mmoja huchukua sehemu yake ya shaka pamoja na sehemu yake ya tumaini, na hesabu ikafungwa palepale, asiwepo anayemdai mwenziwe kesho. Hata mama lishe aliyekopesha chakula huweza kulipwa kwa mawe. Naistahi sana hekima hiyo, kwa kuwa haikuandikwa na sheria yoyote, na husafiri na watu kutoka rashi hadi rashi kama mali yao ya shirika.

Lakini insafu ile huishia kwenye kinywa cha duara. Kiroba kimoja au viwili havitoshi kupelekwa kwenye mtambo mkubwa. Hivyo mchimbaji huvipeleka kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, akasaga, akaosha unga mwaloni, mahali pa kuoshea, juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, akakamata dhahabu kwa zebaki, kisha akaichoma juu ya makaa, mara nyingi karibu na mahali panapopikwa chakula. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2013, na moshi ule bado unavutwa. Zebaki nayo hushika sehemu tu ya dhahabu. Iliyobaki imo katika marudio, yaani unga uliokwisha oshwa, na marudio kwa desturi hubaki kwa mwenye karasha, ambaye huyauza au huyachenjua kwa sianidi. Basi mtu ambaye hakushuka shimoni hupata fungu ambalo halikutajwa siku ya mgao, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Hii naiona dhuluma, ijapokuwa hapana aliyevunja ahadi.

Pungufu la pili ni la roho za watu. Katika safu ya viroba hamna fungu la matimba, yaani miti ya kuegemeza shimo. Mwenye duara anayetazamia kuhama rashi ikihama haoni sababu ya kununua miti ya kuzuia kuta zisibomoke, na mchimbaji anayelipwa kwa mawe hulipwa kwa kuchimba, halipwi kwa kuegemeza mwamba. Nyangalata, wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai Novemba 2015 baada ya kukaa siku 41 chini ya kifusi. Ulimwengu ulistaajabia uhai wao. Mimi nauliza gharama ya miti ilikuwa juu ya nani.

Naona taksimu ile ile yaweza kutiwa vifungu viwili: viroba vya matimba vitengwe kabla ya fungu la yeyote, na mafungu madogo yachanganywe, yapimwe na kupelekwa pamoja kwenye uchenjuaji usiotumia zebaki, kama ule wa kituo cha mfano cha STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, huko Lwamgasa. Bei si tatizo gumu tena, maana soko la dhahabu la Geita lililofunguliwa Machi 2019 hupima kwa mashine, si kwa jicho la dalali. Kikwazo ni muda: sianidi, inayotumika huko badala ya zebaki, hutaka siku kadhaa, na mtu wa rashi aweza kuwa amekwisha panda bodaboda kufuata habari nyingine. Atahitaji hati ya fungu lake itakayokubaliwa huko aendako, na kamati ya rashi, ambayo sasa huvunjika pamoja na kambi, itabidi iwe na daftari linalohama na watu.