Kopo Linafunguliwa Mwisho

Ukitaka kumjua fundi rangi, usimpime sebuleni. Sebule husamehe. Ukuta mkavu, madirisha mawili, rola ya bei nafuu na kijana aliyeanza kazi juzi, na jioni wageni watasifu. Mpeleke bafuni, tena bafu la mji wa pwani, lenye kidirisha kimoja cha luva na familia nzima inayooga asubuhi na jioni. Huko rangi hupigwa na maji kutoka mbele, na mara nyingi kutoka nyuma pia.

Fundi ninayetaka kumsifu yuko Tanga, na nilimwona akiwa kazini kwenye nyumba moja ya zamani huko Ngamiani. Siku ya kwanza hakuja na rangi. Alikuja na kipande cha nailoni na tepu. Akakibandika kile kipande ukutani, chini kidogo ya bomba la mvua, akaziba kingo zote nne, akachukua kofia yake.

"Fundi, ndiyo kazi yenyewe hiyo?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Ndiyo, mama. Kesho tutajua maji yanatoka wapi."

Kipimo hicho ni rahisi, na ni wachache wanaokifanya. Baada ya siku nzima, umande ukiwa upande wa nje wa nailoni, basi unyevu ni wa hewani: mvuke wa kuoga usio na njia ya kutokea. Umande ukiwa upande wa ndani, unaoelekea ukuta, maji yamo ndani ya ukuta wenyewe: bomba linavuja, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na hakuna kopo la rangi linalotibu ugonjwa huo wa pili. Kesho yake nailoni ilikuwa imelowa kwa ndani. Akaitwa fundi bomba kwanza, na fundi rangi akangoja ukuta ukauke.

Kungoja huko kulinivutia kuliko hata upakaji. Kuta zetu za pwani zina tabia ya kutoa chumvi, hasa zile za mawe ya matumbawe au zilizojengwa kwa mchanga wa baharini. Maji yakipita ukutani huyeyusha chumvi na kuibeba hadi juu ya lipu. Maji yanaruka hewani, chumvi inabaki, inajenga fuwele, na fuwele hizo huisukuma rangi mpaka inainuka na kubanduka. Aliye na haraka huuosha ule unga mweupe kwa maji, na kwa hiyo anaurudisha ndani ulikotoka. Fundi wetu aliusugua kwa brashi kavu, akaufagia sakafuni, akaondoka. Alirudi siku nyingine akasugua tena, mpaka ukuta ukaacha kutoa.

Halafu ukungu, ule mweusi wa kwenye pembe za dari. Watu wengi huufunika kwa rangi wakidhani ni uchafu. Ni kiumbe hai, na rangi ya maji ya bei ya chini kwake ni chakula. Baada ya muda hutokeza upya juu ya rangi mpya. Fundi alichukua dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa tatu za maji, akapaka, akaacha kwa kama dakika 20, akasuuza. Mlango wazi, glavu mkononi, na dawa ya choo yenye asidi imetolewa nje kabisa, maana ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Bafu dogo si mahali pa kujaribu hilo.

Ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta ya miaka mingi, laini na yenye kung'aa, na rangi mpya haina pa kushika juu ya mng'ao. Alipiga msasa huku ameulowesha, ili vumbi lisiruke. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake halifai kwa mtoto wala mkubwa. Kisha akaegemeza tochi ukutani, mwanga ukatambaa juu ya lipu, na kila bonde na kila mkwaruzo ukajitokeza. Alipoziba mabonde na kupiga msasa tena, akazima tochi na kupitisha kiganja polepole, macho ameyafumba. Mara tatu kiganja kilisimama, mara tatu akarudia.

Ndipo tukafika kwenye uchaguzi wa rangi, jambo ambalo wengi huanza nalo. Wazazi wetu walipenda rangi ya mafuta ya kung'aa bafuni, na walikuwa na sababu: inafutika. Lakini ina udhaifu. Ukiipaka juu ya lipu mpya ya saruji, alkali ya saruji huyageuza mafuta yake kuwa kama sabuni, na rangi inanata na kubanduka. Ndiyo maana lipu huachwa walau wiki nne. Na juu ya ukuta wenye unyevu nyuma, inafunga kabisa, kisha inaota malengelenge. Kwa upande mwingine, ile rangi ya maji isiyong'aa, inayopendwa kwa dari, ina unga mwingi na gundi kidogo. Inakunywa mvuke na kuuhifadhi. Kwa bafu la saruji mimi nakubaliana na fundi: rangi ya maji ya akriliki yenye mng'ao wa wastani, ile madukani wanayoiita silki, tena iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Lita moja hutosha kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja wa rangi, kwa hiyo bafu dogo halihitaji ndoo kubwa. Nunua kidogo kilicho bora.

Nyumba za matumbawe ni habari nyingine. Kwenye kuta za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, chokaa bado haijapata mshindani. Alkali yake kali huua ukungu, mvuke hupita bila kuibandua, na ikikauka hufyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Sultani Seyyid Said wa Zanzibar alipomjengea mke wake wa Kiajemi bafu kule Kidichi, mnamo 1850, kuta zilipambwa kwa nakshi za lipu, na mapambo hayo yanaonekana hadi leo. Ila chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki. Lazima rangi hiyo ikwanguliwe yote.

Siku ya kupaka, fundi hakuanza kabla ya saa nne asubuhi, umande ulipokwisha kuondoka. Praima kwanza. Kisha brashi pembeni, urefu wa mkono mmoja tu, na rola ikafuata kabla ukingo haujakauka, ili pasionekane mstari. Rola ilipoanza kutoa sauti ya kunata aliichovya, hakuikamua ukutani. Kopo lilisema mkono wa pili baada ya saa chache. Yeye akalala usiku mzima.

"Wenzako humaliza kwa siku moja," mama akasema.

"Kweli, mama. Hao ndio wanaonipatia kazi."

Mwisho alitoa magazeti yaliyokuwa yakiziba luva kwa sababu ya mbu, akaweka wavu. Akaagiza pia kwamba watu wasiogee humo kwa siku kadhaa, na kwamba vikitokea vitone vya kahawia vinavyonata, wavifute kwa maji. Ni sabuni za ndani ya rangi zinazotoka kabla haijakomaa, na kukomaa huchukua wiki kadhaa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye bafu la kupaka: ngoja masika yapite, mlipe fundi wako kwa kazi nzima badala ya kutwa, na akija na nailoni pasipo rangi, mkaribishe.