Kiolezo, Jicho na Mkono: Uhakiki wa Njia Tatu za Kumfunza Mwanagenzi Uchoraji, kwa Mfano wa Mtunda na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu uchoraji, neno kipaji hutajwa mapema mno. Mtoto anayechora vizuri husemwa kuwa amejaliwa, na yule ambaye ng'ombe wake anafanana na meza huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba hakujaliwa. Kauli hiyo huonekana ndogo, lakini humfungia mwanagenzi mlango kabla hajafundishwa chochote. Hasara yake haiishii kwenye sanaa. Mwanafunzi wa sekondari hutakiwa kuchora jani au mdudu katika mazoezi ya vitendo ya Biolojia. Seremala humchorea mteja kabati kabla ya kukata mbao. Fundi cherehani huchora mshono kabla ya kugusa kitambaa. Wote hawa huhitaji uchoraji, na wengi wao hawahitaji kuwa wasanii.

Makala haya yanahakiki njia tatu za kumfunza mwanagenzi ambazo zimeacha alama katika Afrika Mashariki: njia ya kumbukumbu na masimulizi iliyoanzishwa Makerere na Margaret Trowell, njia ya uchunguzi wa kitu halisi iliyotiliwa mkazo na Cecil Todd, mrithi wake, na njia ya kunakili kazi ya fundi, inayojulikana zaidi kupitia wachoraji wa Tingatinga. Ili njia hizo zipimwe kwa mahitaji ya mtu na mahali, mfano unaotumika ni wa mwanagenzi wa Mtunda, kata ya Wilaya ya Kibiti katika Mkoa wa Pwani, mwenye penseli moja, daftari, na vitu vinavyomzunguka: sufuria, mkeka, mtumbwi na miti ya mikoko ya delta ya Rufiji. Hoja kuu ni kwamba uchoraji wa mwanagenzi hukua kwa kulinganisha na kusahihisha, na kwamba kila moja ya njia hizo tatu hudhoofika pale inapoacha masahihisho nje.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo ya mwanahistoria wa sanaa E. H. Gombrich, aliyeeleza katika kazi yake ya mwaka 1960 kwamba mchoraji haanzi na jicho tupu. Huanza na kiolezo, yaani umbo alilokwisha kujifunza, kisha hulirekebisha umbo hilo kwa kulilinganisha na kile anachokiona. Maelezo hayo yanapingana na yale ya John Ruskin ambaye, katika kitabu chake cha mafunzo ya uchoraji cha mwaka 1857, alimtaka mwanafunzi arudi kwenye hali ya kuona madoa ya rangi kama mtoto asiyejua vitu hivyo ni nini.

Kwa mtu anayeanza, maelezo ya Gombrich yana manufaa zaidi, kwa sababu yanafafanua makosa yanayojirudia. Mwanagenzi anapochora sufuria iliyo mezani, mara nyingi huuchora mdomo wake kama duara kamili na kitako chake kama mstari ulionyooka. Anajua kwamba mdomo ni wa mviringo, na anajua kwamba kitako kimekaa sawasawa juu ya meza. Lakini kutoka mahali alipoketi, mdomo huonekana kama duara lililobanwa, na ukingo wa kitako nao huonekana umepinda. Kwa hiyo kosa lake halitokani na uzito wa mkono. Amechora anachokijua, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kukipambanisha na anachokiona. Kiswahili chenyewe kinatofautisha kutazama na kuona; mwanagenzi ametazama sufuria, ila bado hajaiona.

3.0 Njia ya Kumbukumbu na Masimulizi

Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937. Alikuwa amesoma London, ambako alifundishwa na Marion Richardson, mwalimu aliyewataka wanafunzi wafumbe macho, wasikilize maelezo ya mandhari, kisha wachore picha iliyojitokeza akilini. Trowell aliileta njia hiyo Uganda kwa nia mahususi. Hakutaka wanafunzi wake wawe waigaji wa michoro ya Ulaya. Aliwasimulia matukio, nao wakachora soko, shamba na sherehe kama walivyozifahamu.

Tunda mashuhuri la mazingira hayo ni Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma Makerere na baadaye Slade School jijini London, kabla ya kuwa mwalimu na mwanadiplomasia. Mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Nguvu ya kazi za Ntiro imo katika mpangilio: watu wengi, kazi ya pamoja, vilima na migomba, kila kitu kikipewa nafasi kwa uzito wake katika maisha ya kijiji.

Ubora wa njia hii ni kwamba humpa mwanagenzi sababu ya kuchora. Mtoto wa Mtunda anayeambiwa achore siku ya mavuno ya korosho hahitaji kuulizwa mara mbili. Udhaifu wake ni kwamba kumbukumbu haina cha kuisahihisha. Mwanagenzi akikumbuka mtu mwenye mikono mifupi, atachora mikono mifupi leo, kesho na mwakani, na mwalimu anayeogopa kuharibu uasilia wake hatamwambia. Hapo heshima kwa mwanafunzi hugeuka kuwa njia ya kumwacha alipo. Ikumbukwe kwamba Ntiro mwenyewe hakubaki na kumbukumbu peke yake. Alipitia pia mafunzo rasmi ya Slade, na uamuzi wake wa kuendelea na umbo sahili ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuzijua njia nyingine.

4.0 Njia ya Uchunguzi wa Kitu Halisi

Trowell alipostaafu mwaka 1958, uongozi wa shule ulipita kwa Cecil Todd, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alitilia mkazo ufundi: uchunguzi, nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia. Baadhi ya wahakiki huyatazama mabadiliko hayo kama ushindi wa Ulaya dhidi ya Afrika. Mtazamo huo una ukweli wake kwa upande wa mifano iliyotumika darasani, lakini unachanganya mambo mawili. Sanamu ya plasta ya Kigiriki ni ya Ulaya. Kupima kwa jicho si mali ya bara lolote.

Mazingira ya Rufiji yanalithibitisha hilo. Delta hii ina eneo kubwa la mikoko kuliko jingine lolote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwanagenzi akiambiwa achore mti, hutoa kiolezo chake: shina, na juu yake wingu la majani. Kwa kiolezo hicho, mkoko, mchu na msinzi vyote ni mti mmoja. Wakazi wa delta hawavichanganyi. Mizizi ya mkoko hutoka kwenye shina ikapinda kama matao hadi matopeni. Mizizi ya kupumulia ya mchu huchomoza juu ya tope ikiwa imesimama kama penseli zilizopandwa. Na ile ya msinzi hujikunja kama magoti. Mwanagenzi anayejua tofauti hizo kwa majina na kwa matumizi ya miti hiyo anakosa hatua moja tu, nayo ni kuziingiza katika mstari. Anapochora nafasi wazi zilizo kati ya matao ya mkoko badala ya kuchora mizizi yenyewe, kiolezo chake cha mti hakimsaidii tena, maana hakuna mtu mwenye kiolezo cha nafasi wazi. Hulazimika kuona.

Mtumbwi hutoa somo lingine. Ukichorwa kwa ubavu, kiolezo hutosha. Lakini ukiwa umeelekeza omo kwa mtazamaji, urefu wake wote hufupika hadi kuonekana kama kijiumbo kipana. Mwanagenzi hukataa kuamini, akaurefusha. Dawa yake ni penseli ileile anayochorea: anyooshe mkono bila kukunja kiwiko, afumbe jicho moja, apime upana wa mtumbwi kwa kidole gumba juu ya penseli, kisha alinganishe na urefu unaoonekana. Kipimo hicho humpa ushahidi dhidi ya alichokuwa amekiamini.

Udhaifu wa njia hii hujitokeza pale inapofanywa kuwa mwisho wa safari. Mchoro uliopimwa vizuri unaweza kuwa sahihi na bado usiwe na neno la kusema. Isitoshe, mwanagenzi anayesahihishwa kila mstari kabla ya kumaliza huanza kuiogopa karatasi.

5.0 Njia ya Kunakili

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini katika miaka hiyo michache alikuwa amekwisha kuwafunza vijana wa ukoo wake na marafiki. Mafunzo yalikuwa ya uanagenzi: kijana hukaa na fundi, hujaza rangi ya usuli, huiga mnyama, na taratibu hupewa ubao wake. Kwa njia hiyo mtindo ulivuka kifo cha mwanzilishi wake, na ukawapa riziki watu wengi ambao hawakupata nafasi ya kusoma sanaa chuoni.

Wapo wanaoidharau njia hii kwa kuwa inazalisha picha zinazofanana. Dharau hiyo si ya haki. Kunakili hufunza mambo ambayo uchunguzi peke yake hauyafunzi haraka: mstari usiositasita, uamuzi wa nini kiachwe, na ujazaji wa ubao bila kuacha pembe iliyosahauliwa. Hatari iko kwingine. Anayenakili hulinganisha kazi yake na kazi ya fundi, wala halinganishi kamwe na chui au ndege mwenyewe. Masahihisho yapo, ila yamefungwa ndani ya mtindo. Kosa la fundi hurithiwa kama sheria, na mwanagenzi akiombwa achore kitu kisichokuwamo katika orodha ya fundi wake, tuseme msinzi, hana pa kuanzia.

Mfano wa George Lilanga (1934–2005) unaonyesha namna ya kuivuka hatari hiyo. Lilanga alikuwa mchonga vinyago kabla ya kujulikana kwa michoro yake. Viumbe wake wenye masikio makubwa na matumbo ya duara si nakala za kitu kinachoonekana, lakini wanasimama, wanapinda na kusukumana kama miili yenye uzito. Ni rahisi kukubali kwamba mkono uliokwisha kulizunguka umbo katika mti uliujua uzito huo kabla haujashika brashi. Ubunifu wake una mizizi katika vitu.

6.0 Mkeka kama Mwalimu

Ikiwa njia hizo tatu zinakosa au zinafungia masahihisho, inafaa kuuliza kama mazingira ya Mtunda yana mfano wa stadi iliyojengwa juu ya masahihisho. Upo, nao ni mkeka. Msukaji wa mkeka wa ukindu husuka ukili mrefu, kisha huushona mshono kwa mshono hadi upatikane upana unaotakiwa. Akikosea hesabu ya chane, ua litapotea na kosa litaonekana katika kila mzunguko unaofuata. Kwa hiyo hutazama, huhesabu, hufumua, husuka tena. Hakuna anayemwambia msichana aliyesuka ukili uliopinda kwamba hakujaliwa, huambiwa afumue. Penseli nayo ina kifutio, lakini kwa mwanagenzi wa uchoraji kufuta huchukuliwa kuwa dalili ya kushindwa.

Mkeka una faida nyingine iliyo ya kiufundi kabisa. Mwaka 1435 Mwitalia Leon Battista Alberti alieleza namna ya kuchora sakafu ya vigae ili ionekane ikienda mbali: mistari inayoelekea mbele husogeleana, na ile ya kukingama hukaribiana kadiri umbali unavyoongezeka. Mkeka ukitandikwa sakafuni na mwanagenzi akaketi upande wa miguuni, mistari ya kili humfanyia kazi ileile. Kili zilizo sawa kwa upana huonekana zikisogeleana kuelekea upande wa kichwani, na maua yaliyo sawa kwa ukubwa huonekana yakipungua. Kanuni ya umbali imelala chini, na haihitaji kitabu kutoka nje.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba njia ya Trowell humpa mwanagenzi cha kusema, njia ya Todd humpa ushahidi, na njia ya Tingatinga humpa mkono usiotetemeka. Kuzipambanisha kana kwamba moja lazima izifute nyingine ni kumnyima anayeanza theluthi mbili za anachohitaji. Kinachoziunganisha ni mzunguko wa kuchora, kulinganisha na kusahihisha.

Swali hili lina uzito wa pekee wakati huu, kwa kuwa mtaala mpya wa elimu ya msingi ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Somo hilo litategemea kinachotokea darasani mwalimu anaposema, "Choreni." Inapendekezwa kwamba zoezi la mwanagenzi lipite hatua nne kwa kitu kilekile: achore mtumbwi kwa kumbukumbu, anakili mtumbwi uliochorwa na mkono uliokomaa, akae mbele ya mtumbwi wenyewe na kuupima kwa penseli, kisha auchore tena kwa kumbukumbu. Karatasi ya kwanza na ya nne ziwekwe sambamba, tarehe ikiwa imeandikwa kwenye kila moja, na zisitupwe. Tofauti iliyopo kati ya karatasi hizo mbili ndiyo kipimo cha maendeleo yake, na mwanagenzi anaweza kuisoma mwenyewe bila kusubiri mtu amwambie kama amejaliwa au la.