Kura na Jina la Mtaa

Kila palipozuka ugomvi juu ya jina la mtaa, haichukui muda kabla ya kusikika sauti isemayo: basi na ipigwe kura, wenye mtaa waamue wenyewe. Kauli hiyo hupendeza masikioni, na hasa masikioni mwa watu waliotawaliwa na wageni, ambao miji yao, maziwa yao na hata milima yao ilibandikwa majina pasipo wao kuulizwa. Katika makala haya tunakusudia kuipima kauli hiyo. Hatuipingi. Twataka kujua kura hiyo hupima kitu gani, na ni nani anayehesabiwa kuwa ndiye mwenye mtaa.

Tuanze na mahali ambapo kura ilifanya kazi yake bila taabu kubwa. Mwezi Aprili 1990, wakazi wa mji wa Karl-Marx-Stadt, katika Ujerumani ya Mashariki, waliulizwa kama wangependa mji wao uitwe tena Chemnitz. Watu kama 76 katika kila 100 waliopiga kura walikubali, na tarehe 1 Juni jina la kale likarudi. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Juni 1991, wakazi wa Leningrad walipiga kura kama hiyo, na walio wengi, ingawa hawakufika 55 katika 100, wakachagua jina la Saint Petersburg. (Mkoa unaouzunguka mji huo unaitwa Leningrad hata leo, maana wao hawakubadili.) Katika miji yote miwili palikuwa na majina mawili ambayo yote yalikuwa hai vinywani mwa watu. Wazee walizaliwa chini ya moja, wajukuu chini ya jingine. Kura haikuzaa jina. Iliamua tu lipi kati ya mawili liandikwe.

Mtaani mambo huwa magumu zaidi. Mjini Berlin, katika wilaya ya Friedrichshain-Kreuzberg, baraza lilikata shauri kuipa sehemu ya barabara ya Kochstraße jina la Rudi Dutschke, kiongozi wa wanafunzi wa miaka ya 1960. Waliopinga walikusanya saini na kulazimisha kura, nayo ikapigwa tarehe 21 Januari 2007. Asilimia 57 wakawa upande wa Dutschke, na jina jipya likatundikwa mwaka 2008. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa umma. Husahau kutaja kwamba waliojitokeza kupiga kura hawakuzidi 17 katika kila 100 wenye haki hiyo. Tusiwalaumu waliobaki nyumbani. Huenda jina la barabara halikuwanyima usingizi. Lakini hapo ndipo tuonapo kasoro ya kwanza ya kura ya namna hii. Huwaita wote, wakaja wenye hamasa, kisha hukumu yao ikapewa jina la wote.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi wa Afrika ya Mashariki kilitokea katika mji huohuo, mtaa wa Wedding, mahali paitwapo Mtaa wa Kiafrika. Huko barabara zilianza kupewa majina ya makoloni tangu mwisho wa karne ya 19: Kamerun, Togo, hata Zanzibar ina barabara yake. Mwaka 1939 utawala wa Hitler ukaiita barabara moja Petersallee, kwa heshima ya Carl Peters. Mwanafunzi wa historia anamjua mtu huyu. Ndiye aliyezunguka Usagara na jirani zake mwaka 1884 akikusanya mikataba ya ulaghai, ndiye aliyewanyonga Waafrika huko Kilimanjaro hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897, na ndiye waliyemwita babu zetu Mkono wa Damu.

Lilipoanza kuwa jina la aibu, watawala wa mji walipata hila. Mwaka 1986 walitangaza kwamba Peters anayetajwa katika barabara ile si Carl tena bali ni Hans Peters, mwanasheria aliyekuwa miongoni mwa wapinzani wa Hitler. Jina likabaki lilelile, herufi kwa herufi. Sisi twaona hila hiyo ni tusi lililovikwa kanzu. Wakazi hawakuhitaji kubadili anwani, na wafu wa Usagara na Kilimanjaro hawakuombwa radhi.

Miaka thelathini baadaye wilaya ikawaomba wananchi wapendekeze majina mapya. Mapendekezo yalikuja kwa wingi, na jopo likachagua machache, miongoni mwao jina la Malkia Nzinga wa Matamba. Mara watu wakauliza: huyu aliyepigana na Wareno, je, si yeye pia aliyefanya biashara ya watumwa? Orodha ikatupwa, wakaitwa wataalamu. Mwezi Aprili 1938 haikuwa, wala si zamani sana: ni Aprili 2018 baraza lilipokata shauri kwamba sehemu moja ya barabara iitwe Anna-Mungunda-Allee na nyingine Maji-Maji-Allee. Wakazi na wenye maduka wengi wakapeleka pingamizi, wakitaja gharama za kubadili hati na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mashauri yakafika mahakamani, na vibao vipya havikusimamishwa ila tarehe 23 Agosti 2024.

Sasa tujiulize: kama ingepigwa kura, ni nani angepiga? Mwenye duka la mkate pale Wedding bila shaka, kwa kuwa ndiye atakayechapisha upya karatasi zake. Lakini vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, viliua kwa risasi na kwa njaa watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na wajukuu wao wako Songea, Kilwa na Mahenge. Mji wa Songea wenyewe una jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Watu hao hawamo katika daftari la wapiga kura la Berlin, na jina la barabara lawahusu kuliko limhusuvyo muuza mkate. Hatusemi sauti ya muuza mkate si kitu. Twasema kwamba daftari la wakazi ni fupi kuliko daftari la wenye haki katika jina.

Huyo Anna Mungunda naye anatupa funzo jingine. Aliuawa tarehe 10 Desemba 1959 mjini Windhoek, polisi walipowafyatulia risasi watu waliokataa kuhamishwa kutoka mtaa wao wa zamani. Walipohamishiwa mtaa mpya kwa nguvu, waliuita Katutura, maana yake kwa Kiherero mahali tusipotaka kukaa. Hapakuwa na sanduku la kura wala karani. Namibia ikapata uhuru mwaka 1990, na jina hilo la uchungu likabaki.

Kwetu Dar es Salaam tuna Kariakoo. Jina hilo latokana na Kiingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa kwa maelfu. Vinywa vya watu vikalitafuna neno la mtawala mpaka likawa la Kiswahili. Akija leo mtu mwenye bidii ya utaifa akaitisha kura ili pafutwe jina lenye asili ya kigeni, huenda akashinda, hasa asipoeleza asili yake kwa ukamilifu. Nasi tungekuwa tumewazika wapagazi mara ya pili. Kule Unguja, Ng'ambo ni jina lililotoka katika macho ya watu wa Mji Mkongwe, waliouangalia upande wa pili wa mkondo. Mkondo ulifukiwa zamani, na wana wa Ng'ambo hulitaja jina lao kwa fahari.

Kwa hiyo tunapendelea kura ije mwisho, wala si mwanzo. Kwanza jina la zamani lisimuliwe hadharani, pamoja na aibu yake. Kisha waitwe wenye haki walio mbali. Kisha yawekwe majina ambayo tayari yana maisha katika vinywa vya watu. Na kura ikipigwa, idadi ya waliojitokeza itangazwe pamoja na matokeo. Mwaka 2022, vibao vya anwani za makazi vilipokuwa vikisimamishwa nchini Tanzania kabla ya sensa ya Agosti, njia nyingi ziliandikwa jina kwa mara ya kwanza. Walimu walio karibu na njia hizo wanaweza kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee, daftari mkononi, wakaulize palikuwa paitwaje kabla ya kibao, na kwa nini.