Kusoma kanisa la Mkunazini ukiwa Iguguno

Hapa tumezoea kuhakiki vitabu. Leo nahakiki jengo: Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja. Nalo lina mwandishi, lina wahusika, na lina watu lilioamua kutowataja.

Mwandishi ni Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA. Sisi wa fasihi tunamjua kwa kazi nyingine: mwaka 1870 alichapisha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale sokoni. Inasemekana altare imesimama ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Steere alifariki 1882, kaburi lake liko nyuma ya altare hiyo.

Kama msuko, una nguvu kweli. Lakini hebu tazama kumbukumbu zenyewe. Madirisha ya vioo vya rangi yanawaenzi wanamaji wa Kiingereza waliokufa wakipambana na biashara ya utumwa. Upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ulikozikwa moyo wa Livingstone. Na Chuma na Susi, walioongoza msafara wa kuuleta mwili wake hadi Bagamoyo mwaka 1874? Msalaba unasimuliwa kwa jina lake, si kwa majina yao.

Msuko huu tumeshausoma kwenye Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934): Mwingereza anakomboa, aliyekombolewa anashukuru. Tofauti ni kwamba Mbotela mwenyewe anatoka katika jamii ya waliokombolewa, Freretown, Mombasa. Shukrani ni zake, tupende tusipende. Ukutani Mkunazini, anayesema ni mkombozi peke yake.

Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs wa Sweden, za 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ni kazi nzuri. Inakulazimisha uinamishe macho, na hapo unajikuta umesimama aliposimama mnunuzi. Ila watano hao hawana majina, na wamegandishwa siku ya kuuzwa, kana kwamba hawakuwa na jana wala kesho.

Mimi nasoma haya nikiwa Iguguno, bara, mbali na bahari. Njia ya misafara ya kwenda Tabora ilipita kusini mwa mkoa wetu huu wa Singida, kwenye pori la Mgunda Mkali. Kwa mtu wa huku, soko lile lilikuwa mwisho wa safari ndefu, na kanisa halisemi lolote kuhusu mwanzo wake.

Sentensi ninayoipenda zaidi ni ya mafundi. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Masimulizi yanasema Steere alikuwa safarini, mafundi wakakosea. Wageni huchekeshwa nazo. Mimi naona ndiyo saini pekee ya waliojenga iliyobaki.

Na majina yapo jamani! Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri mwaka 1890. Mwambieni anayewatembeza wageni aanze na huyo, ndipo awapeleke shimoni.